Kijana akizidiwa, apelekwe wapi? (3): Dakta Lambo na kijiji cha Aro

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuatilia hospitali za akili tulizorithi kwa wakoloni: Mathari ya Nairobi, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma iliyofuata mwaka 1927. Leo nilikusudia kuvuka moja kwa moja hadi Nigeria, lakini hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya imenilazimu nipitie Nairobi kwanza.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kinapingana na Katiba. Kwa kifungu hicho mtu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikirini mama anayemkimbiza bintiye hospitali usiku: alikuwa na kila sababu ya kudanganya pale mapokezi, na daktari aliyedanganywa hawezi kutibu kinachomsumbua mgonjwa. Naipongeza hukumu hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, kumwondolea kijana kesi hakujampatia mahali pa kwenda usiku ule anapozidiwa. Jambo hilo Waafrika tuliwahi kulijibu, tena vizuri, kisha tukalisahau.

Aliyelijibu ni Dakta Thomas Adeoye Lambo. Alisomea udaktari Birmingham, akabobea katika magonjwa ya akili London, na mwaka 1954 alikuwa nyumbani kwao Abeokuta, Nigeria, akiwa na hospitali ya Aro ambayo majengo yake hayajakamilika. Mwingine angesubiri mafundi. Lambo aliwaendea wazee wa vijiji vya jirani akawaomba wawapokee wagonjwa majumbani mwao. Mgonjwa alilala kijijini, asubuhi akaenda hospitali kupata matibabu, jioni akarudi. Wenyeji walilipwa kodi ya vyumba, wakakopeshwa fedha za kupanua nyumba, na kijiji kikapata maji safi, vyoo na watu wa kupambana na mbu. Kwa hiyo mgonjwa wa akili, ambaye kwingine alionekana balaa, pale aliingia na maendeleo. Lambo aliwakaribisha pia waganga wa jadi washirikiane naye, jambo lililowashangaza wengi wa taaluma yake.

Tukumbuke wakati huo Ulaya ilisomeshwa nini juu yetu. Dakta J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele! Lambo alimpinga kwa kalamu, lakini jibu lake zito lilikuwa Aro yenyewe, ambako watu walioambiwa hawana uwezo wa kufikiri kwa kina walihudumia wagonjwa kwa utu ambao Ulaya yenyewe ilikuwa bado inautafuta. Mwaka 1961 madaktari wa akili kutoka nchi nyingi walikutana Abeokuta kujionea, na baadaye Lambo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa shirika lile lile lililokuwa limemchapishia Carothers. Kila ninapoisoma habari hii naona aibu kwamba watoto wetu shuleni hawalijui jina lake.

Sharti la Aro ambalo ningependa msomaji alishike ni hili: mgonjwa hakupokelewa peke yake. Ilibidi aje na ndugu mmoja angalau, mama, kaka au shangazi, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza kwenye matibabu. Ndugu huyo alijifunza ugonjwa kwa kuuona kila siku, na siku ya kurudi nyumbani hakukuwa na mgeni wa kuogopwa. Sisi leo tunafanya kinyume. Tunamfikisha kijana wodini, tunaandika namba ya simu, tunaondoka. Au tunamfungia chumbani ili majirani wasijue, tukijiita wenye heshima. Heshima gani hiyo, inayonunuliwa kwa upweke wa mtoto?

Wala Watanzania hatuwezi kudai kwamba haya ni ya Wanigeria. Baada ya Azimio la Arusha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, tulianzisha vijiji vyetu vya wagonjwa wa akili, ambako walilima na kufuga huku wauguzi wakiishi nao. Tulikuwa na mbegu mkononi.

Nafasi yangu inakwisha, nami sijamgusa kijana wa leo ipasavyo. Kwa ufupi basi: aliye katika hatari ya kujiua saa hiyo hiyo, au aliyekwisha kujidhuru, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na asiachwe peke yake njiani. Wengine wengi wangeweza kutulizwa karibu na kwao, kama kila kituo cha afya kingekuwa na muuguzi wa afya ya akili anayefika nyumbani kila siku kwa wiki za mwanzo, na nyumba chache mtaani zilizokubali, kwa malipo ya haki kama yale ya Abeokuta, kumpokea kijana pamoja na ndugu yake pale kwao panapokuwa ndipo penye ugomvi. Nyumbani, viuatilifu na dawa zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima. Na kijana aulizwe waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Kuhusu mabibi wa Mbare, Harare, waliofundishwa na Dakta Dixon Chibanda tangu mwaka 2006 kuwasikiliza wenye mawazo mazito kwenye benchi nje ya zahanati, mpango ambao umekwisha kufika Zanzibar, nitaandika katika sehemu ya nne.