Programu Mpya katika Mfumo Mkuukuu: Kusakinisha au Kupandisha Mfumo Mzima?

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia swali linalowakumba wanafunzi wengi wanaotegemea tarakilishi za vyuo na za shule. Programu mpya inapohitajika katika mfumo wa Linux uliopitwa na wakati, je, isakinishwe programu hiyo peke yake, au upandishwe mfumo mzima? Huenda msomaji akajiuliza swali hili lina uhusiano gani na jarida la chama cha Kiswahili. Uhusiano upo, na uliletwa mlangoni petu na ngano za wazee wa Sagalla.

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja alipanda mlima Sagalla, ulio karibu na mji wa Voi, akiwa na tarakilishi ya mkononi aliyoazimwa na kipaza sauti kidogo. Nia yake ilikuwa kurekodi ngano katika Kisagalla, lugha yenye wasemaji wachache ikilinganishwa na Kidawida cha milima ya Wundanyi na Mwatate, kisha azitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya tasnifu yake. Alirudi na saa kadhaa za sauti katika flashi. Alipoichomeka flashi hiyo kwenye tarakilishi ya chumba tulichokuwa tukitumia, katika taasisi moja ya hapa Voi, faili hazikufunguka hata moja. Mzee mmoja kati ya waliosimulia alikuwa amekwisha kuugua, na mwenzetu hakuwa na hakika kwamba angepata nafasi ya kumrekodi tena.

Kiini cha tatizo

Sababu ilikuwa nyepesi, ingawa ilituchukua siku nzima kuigundua. Mwenzetu alikuwa amerekodi kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti inayopendwa sana na wanaisimu na watafiti wa fasihi simulizi kwa kuwa haiuzwi. Toleo la 3.0 la programu hiyo, lililotoka Machi 2021, lilibadilisha namna ya kuhifadhi kazi. Zamani kazi ilihifadhiwa kama faili ndogo yenye kiambishi cha .aup pamoja na folda iliyojaa vipande vya sauti. Tangu toleo hilo kila kitu hukaa katika faili moja ya.aup3. Matoleo ya kale hayaielewi faili hiyo. Tarakilishi yetu ilikuwa na Ubuntu 16.04, na humo Audacity ilikuwa ya toleo la 2.1.2.

Tuliongeze hapa neno kuhusu Ubuntu yenyewe, maana jina lake halipaswi kumpita mwanafunzi wa Kiswahili bila kumgutusha. Ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, lenye mzizi uleule wa -ntu uliotupa "mtu" na "utu". Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na kila baada ya miaka miwili, aghalabu mwezi wa Aprili, hutoka toleo la kudumu ambalo hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Tarakimu za jina ni mwaka na mwezi: 16.04 ni Aprili 2016. Kwa hiyo muda wake wa kawaida ulikwisha Aprili 2021. Yapo marekebisho ya nyongeza hadi mwaka wa kumi kwa wanaojiandikisha, lakini marekebisho hayo huziba mianya ya usalama tu. Hayaleti programu mpya.

Basi, kwa nini tusichukue tu Audacity mpya tukaiweka humo?

Reli mbili za Voi

Mkazi wa Voi anaweza kulijibu swali hili kwa kutazama nje ya dirisha. Katika mji huu hupita reli mbili. Ya kwanza ni ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, yenye upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya pili ni ile ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435. Behewa la SGR hata liwe jipya namna gani haliwezi kupita juu ya reli ya kale. Behewa halina kasoro, na reli haijavunjika. Magurudumu na njia havikupimwa kwa kipimo kimoja.

Historia ya hapa ina mfano wa upande wa pili pia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitandika reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa huko Kahe na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Maadui hao wawili walikuwa wamejenga kwa upana uleule wa mita moja, ndiyo maana njia zao ziliweza kuungana.

Programu za Linux hazijitegemei. Kila moja huegemea juu ya mafungu ya kazi zilizoandikwa tayari, ambayo wanateknolojia huyaita maktaba. (Istilahi hii ina utata, lakini imeshika mizizi.) Maktaba iliyo chini ya takriban programu zote za Ubuntu ni ile ya lugha ya C, iitwayo glibc. Ubuntu 16.04 ina glibc 2.23, 18.04 ina 2.27, 20.04 ina 2.31, na 22.04 ina 2.35. Programu iliyoundwa juu ya mfumo mkuukuu kwa kawaida hufanya kazi katika mfumo mpya, kwa maana glibc huhifadhi njia zake za zamani. Kinyume chake hakiwezekani. Programu iliyoundwa juu ya glibc mpya ikipelekwa penye ya kale hukataa kuanza, na hutoa ujumbe mfupi kwamba toleo fulani la GLIBC halikupatikana. Ndio ujumbe tulioupata sisi.

Njia tuliyoifuata, na ambayo haifai

Kijana mmoja mwenye ujasiri kuliko maarifa (na nakiri kwamba nilimshangilia) alisema kwamba ikiwa kinachokosekana ni glibc, basi na tupakue glibc mpya. Akachukua kifurushi chake kutoka toleo la baadaye la Ubuntu, akakilazimisha kiingie juu ya cha zamani, huku akiyapuuza maonyo yote ya mfumo. Katikati ya shughuli hiyo tarakilishi ilisita. Amri za kawaida kabisa, hata ile ya kuorodhesha faili, zikakataa. Tulipoizima na kuiwasha haikupanda tena.

Ni rahisi kuona sasa kilichotokea. Ikiwa takriban kila programu imesimama juu ya maktaba moja, kuing'oa maktaba hiyo mfumo ukiwa unatembea ni sawa na kubadilisha upana wa reli garimoshi likiwa limo njiani. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na manukuu ya mwanafunzi mwingine, kazi ya miezi minne, na nakala rudufu haikuwapo. Tulinusurika kwa kuwasha tarakilishi kupitia flashi yenye Ubuntu, ambayo huweza kufanya kazi bila kusakinishwa, kisha tukazinakili faili moja baada ya nyingine. Faili zilikuwa salama. Kilichovunjika ni mfumo tu. Lakini usiku ule mwenye manukuu hakulala.

Kuchanganya vifurushi vya matoleo mawili ya mfumo mmoja, kwa hiyo, ndiyo njia pekee ambayo makala haya yanaikataza bila masharti.

Njia zilizosalia

Ipo njia ya kuunda programu upya kutoka kwenye msimbo wake asilia, juu ya mfumo ule ule mkuukuu. Kwa kuwa huundwa hapo hapo, programu hukubaliana na glibc iliyopo. Njia hii ni halali, lakini programu kubwa hudai maktaba nyingine kadhaa ambazo nazo ni mpya kuliko zilizomo, na kila moja huleta madai yake. Sisi hatukuijaribu.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni ya vifurushi vinavyobeba mahitaji yao. Snap na Flatpak huja na maktaba zao, glibc ikiwamo, mithili ya behewa linalosafiri na reli yake. AppImage ni faili moja tu unayoipakua na kuipa ruhusa ya kuanza, ila kwa desturi haibebi glibc. Ndiyo sababu AppImage ya Audacity mpya ilitushinda katika 16.04 huku Snap ingaliweza kufaulu. Gharama yake ni ukubwa. Kifurushi kimoja pamoja na msingi wake huweza kufika mamia ya megabaiti, na mwanafunzi anayenunua data kwa vipande vya siku ataihisi gharama hiyo mfukoni. Zaidi ya hayo, mfumo ulio chini hubaki vilevile, pamoja na mianya yake.

Kisha kuna kupandisha mfumo mzima. Natumia "kupandisha" kwa makusudi. Waandishi wengine husema "kuboresha", lakini kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora, na si kila toleo jipya ni bora kwa mwenye tarakilishi dhaifu. Ubuntu 22.04 hupendekezwa kwa tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Yenye 2 itajikokota, na afadhali ipewe ndugu yake mwepesi kama Xubuntu. Tarakilishi za biti 32 ziliachwa njiani kabisa: tangu toleo la 20.04 hazina nafasi katika Ubuntu, na Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika ukoo wa Debian kuwa na kisakinishi chake.

Kupandisha huenda ngazi kwa ngazi: 16.04 hadi 18.04, kisha 20.04, kisha 22.04, bila kuruka. Kila ngazi hupakua gigabaiti moja au zaidi, na umeme ukikatika katikati mambo huharibika. Aliye na tarakilishi ya mezani isiyo na betri, katika mji ambao umeme hupotea bila taarifa, afikirie mara mbili. Kwa ngazi tatu kama hizo, mimi huona ni heri kunakili kazi zote kwenye diski ya nje, kuzifungua mbili tatu kuhakikisha kwamba kweli zimenakiliwa, kisha kusakinisha toleo jipya upya kutoka kwenye flashi. Hivyo ndivyo tulivyofanya.

Na hapa ndipo tulipopata somo ambalo hatukulitarajia. Tulipomaliza kuweka 22.04 tulikuta kwamba Audacity iliyomo katika ghala lake ni ya toleo la 2.4.2. Tumepanda ngazi tatu na faili ya .aup3 bado haifunguki! Matoleo ya kudumu hugandisha programu zake kabla hayajatoka, na watunzaji wa vifurushi huchelewa kwa sababu zao. Hata hivyo, ile AppImage iliyotukataa katika 16.04 sasa ilianza bila kelele, baada ya kuongeza maktaba moja ndogo iitwayo libfuse2. Tulikuwa tumelikosea swali lenyewe. Tulidhani tunachagua baina ya kusakinisha na kupandisha, kumbe kupandisha kunatandika reli tu, na behewa bado linatakiwa kuletwa.

Kisichohitaji lolote kati ya hayo

Si kila kipya hudai mfumo mpya. Fonti, kwa mfano, na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili inayotumiwa na LibreOffice, ni data tupu. Kamusi hiyo ni faili mbili za maandishi, moja ya maneno na nyingine ya kanuni za viambishi, nazo haziegemei glibc wala kitu kingine. Ziweke katika mfumo wa 2010 au wa 2024, zitasomeka. Shehena haina magurudumu.

Lugha ya menyu ni jambo jingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kwa mara ya kwanza tukaona kitengo kizima cha programu za ofisi kikizungumza Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo imefungwa kwenye toleo lake. Programu inapopata menyu mpya, menyu hizo hubaki kwa Kiingereza mpaka mtu akae azitafsiri. Anayepandisha mfumo, basi, huweza kujikuta na programu mpya zaidi yenye Kiswahili pungufu zaidi, na anayeweza kuziba pengo hilo ni mwanafunzi wa idara kama yetu kuliko mhandisi.

Shehena ilikuwa pia jibu la tatizo letu la awali, laiti tungaliuliza mapema. Mwenye tarakilishi ya mkononi angeweza kuzifungua ngano zile kwa Audacity yake mpya na kuzihamisha katika muundo wa WAV, uliobuniwa mwaka 1991 na unaosomwa na takriban kila programu ya sauti, pamoja na lebo za matini katika faili ya maandishi ya kawaida. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Audacity 2.1.2 ingezifungua bila shida, na tarakilishi ya watu isingevunjika.

Chumba kile sasa kina tarakilishi nne zenye 22.04. Ya tano ni ya biti 32. Tuliiacha na mfumo wake wa kale, tukaichomoa kwenye intaneti, tukaiwekea kamusi ya tahajia na ngano za Sagalla katika WAV. Wanaonukuu hupenda kuitumia hiyo, kwa sababu hakuna barua pepe ya kuwapotezea wakati.