Mgonjwa Naye Ana Kauli

Kabla jua halijachomoza, wachukuzi wa Kariakoo wamekwisha kujitwika magunia. Mmoja wao akipatwa na kifua kikuu, hana budi kumeza dawa kila siku kwa muda wa miezi sita. Zamani alitakiwa pia, hasa katika miezi ya mwanzo, kufika zahanati kila asubuhi aimeze mbele ya muuguzi. Je, ujira wa asubuhi hizo atalipwa na nani? Mwenye watoto akilazimishwa kuchagua kati ya dawa na unga, sote twajua atachagua nini.

Hatuwalaumu wauguzi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, uliifunza dunia namna ya kumsimamia mgonjwa hata apone. Lakini mpango ulio mwema nao hupungukiwa, asipoulizwa yule anayesimamiwa.

Wataalamu walifanya uchunguzi wilayani Temeke. Baadhi ya wagonjwa walisimamiwa mitaani mwao na jamaa zao, au na watu waliokwisha kupona ugonjwa huo huo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba walipona sawa na wenzao wa zahanati. Mwaka 2006 ukaanza utaratibu mpya: mgonjwa mwenyewe achague, zahanati au nyumbani, na amtaje atakayemsimamia.

Hapa pana fundisho, nalo lawahusu watafiti pia. Wazee wa mji huu wanaijua hofu ya mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu za wenzao. Mumiani hakuwapo, lakini hofu ilikuwapo. Mtafiti achukuaye damu na makohozi, kisha akaenda zake asirudi na jibu, huiamsha upya.

Madaktari wa dunia walipotoa Azimio la Helsinki mwaka 1964, walitaka mtu asifanyiwe utafiti bila ridhaa yake. Mwaka 2024 walilisahihisha, wakaacha kumwita mtu huyo kitu cha kuchunguzwa, wakamwita mshiriki. Jina hilo ni jema, lakini jina peke yake halitoshi.

Kwa hiyo sisi twasema: mgonjwa aulizwe kabla maswali ya utafiti hayajaandikwa, wala si baada yake. Karatasi ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili anachokifahamu mchuuzi wa nyanya. Siku ya kazi anayoipoteza ifidiwe. Na matokeo yarudishwe kule kule ilikotoka damu.

Nasi wafanyakazi tusikae kitako tukinung'unika. Kamati za zahanati na vituo vya afya zina nafasi za wawakilishi wa wananchi. Tuwajue wawakilishi wetu, tuwatume, tuwadai majibu. Kiti kisichokaliwa hakisemi.

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anaijua dawa, na twamheshimu kwa elimu yake. Kitanda anakijua mgonjwa. Basi na waketi pamoja.