Goti la Mama Lisipuuzwe

Asubuhi na mapema mabibi hufika soko la Gakoromone, mjini Meru, na ndizi, viazi na maharagwe. Mtazame mmoja aliyeketi chini nyuma ya mikungu yake. Mnunuzi akimwita, haondoki mara moja. Hushika goti kwanza, akakunja uso. Ukimwuliza atasema, "Ni uzee tu." Lakini pengine hajatimiza miaka thelathini.

Ninyi wakulima wa skimu mwaijua hasara yake. Mama asipoweza kuteremka na mzigo, ndizi huiva mgombani na fedha za karo hazipatikani.

Maumivu haya ya mbele ya goti, nyuma ya pia au kandokando yake, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huzidi mtu akiteremka mlima, akichutama, au akiketi kwa muda mrefu magoti yamekunjwa.

Yatokeaje? Pia ya goti hupita katika mfuo ulio mwisho wa mfupa wa paja, nayo huvutwa na misuli minne ya mbele ya paja. Fikiri ng'ombe wa plau: wasipovuta sawasawa, plau hutoka katika mstari. Vivyo hivyo, misuli ya paja na ya nyonga ikiwa haina nguvu ya kutosha, goti laweza kuelekea ndani na pia husuguana na upande mmoja wa mfuo. Nyonga za wanawake ni pana, na mapaja yao huelekea ndani zaidi. Mifupa haibadiliki, lakini misuli yaweza kufunzwa.

Mwaka 1986 wataalamu, akiwamo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza kwamba wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo waliozoea mizigo waliweza kubeba hata sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi. Basi mama wa shamba si dhaifu. Lakini hao walipimwa wakienda mahali tambarare. Katika mteremko goti hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili, na mzigo huongeza.

Jipime hivi: simama kwa mguu mmoja, ukunje goti kidogo, mwenzako akutazame kwa mbele. Goti likiangukia ndani, misuli yako yataka mazoezi.

1. Lala ubavu, inua mguu wa juu ulionyoka, uushushe polepole.

2. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno, hesabu mpaka tano.

3. Lala chali, kunja goti moja. Mguu wa pili uwe umenyoka, uinue mpaka usawa wa goti lile.

4. Panda juu ya tofali imara, kisha shuka polepole. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu.

Fanya kila zoezi mara kumi, upumzike, urudie mpaka mara tatu, siku moja baada ya siku moja. Maumivu kidogo si neno, lakini yakizidi mpaka kesho yake, punguza. Usitazamie kupona kwa juma moja. Yahitaji majuma sita hata kumi na mawili.

Wakati huo usiache kazi zote, ila gawanya mzigo mara mbili, au tumia punda au wilibaro. Katika mteremko pita kwa kukingama. Ukiuza sokoni au ukikama, keti juu ya kigoda, na nyosha miguu mara kwa mara. Nao mabwana na vijana wasione haya kuchukua maji na kuni.

Goti likivimba, likiwa na moto, likikwama, au likiuma usiku na homa ikawapo, usingoje mazoezi. Nenda hospitali upesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza leo jioni, kabla ya kulala.