MASIZI SI UCHAFU TU



Mara nyingi tunarudi nyumbani weusi kwa masizi au oili, tukisema, "Ni uchafu wa kazi, sabuni itautoa." Leo tunaeleza kilichomo ndani ya uchafu huo.

Kinaitwa benzopairini. Hutokea wakati kuni, makaa ya mawe, tumbaku au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha. Kimeundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, pete tano zilizoshikamana kama vyumba vya sega la nyuki. Kimo katika moshi, masizi, lami ya makaa ya mawe, kreosoti ya kupaka nguzo, na oili iliyokwisha tumika kwenye injini. Wataalamu hukitumia katika maabara kuchunguza jinsi kansa inavyoanza, kwa sababu chenyewe huleta kansa, mara nyingi baada ya miaka mingi.

Waliotangulia kuumia ni wafanyakazi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kwamba wasafisha dohani, walioanza kazi wakiwa watoto, walipata kansa ya ngozi ya korodani kwa ajili ya masizi. Mwaka 1915, huko Japani, Yamagiwa na Ichikawa walieleza jinsi walivyopaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura, mwezi hata mwezi, mpaka kansa ikatokea. Mwaka 1933 wataalamu wa London walitangaza kuwa wameipata benzopairini yenyewe, baada ya kuchuja tani mbili za lami hiyo.

Ndugu, tuhesabu miaka. Sheria ya Uingereza ya 1788 ilikataza kuwaajiri wasafisha dohani walio chini ya miaka 8, lakini haikusimamiwa. Ilipofika 1875, miaka 100 baada ya Pott, ndipo polisi walipopewa kazi ya kuisimamia sheria. Tena, mwaka 1922 madaktari wa Manchester walieleza kansa ile ile kwa wasokota pamba, ambao mafuta ya mashine yalilowesha suruali zao. Kanuni ya kuwalazimisha wenye viwanda kutumia mafuta yaliyosafishwa ilikuja 1953. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni amri yenye msimamizi.

Na kinga haikuwa ya gharama kubwa. Mwaka 1892 daktari Butlin alionyesha kuwa wasafisha dohani wa Ujerumani, waliovaa nguo za kubana na kuoga kila siku, hawakupata ugonjwa huo kama wenzao wa Uingereza.

Kwa hiyo sisi tunaosafisha boila, tunaokausha tumbaku kwa moshi, tunaobeba nguzo na kumwaga oili chafu, tufanye hivi:

Tusitie tambara lenye oili mfukoni. Tusinawe kwa oili chafu wala petroli. Tunawe kwa sabuni kabla ya kula, na kabla ya kwenda haja. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na za watoto. Kidonda kisichopona au kinundu cha ngozi tukionyeshe kwa daktari mapema, na tumweleze kazi tunayofanya.

Lakini maji, sabuni, glavu, ovaroli na mahali pa kufulia ni wajibu wa mwajiri. Kila tawi liyaandike katika madai yake, na wajumbe wakague kama yanatolewa. Tusingoje miaka 100.