Usiongeze madume ya sato kabla hujasoma hapa

Wiki hii nimeulizwa tena: "Afisa, vifaranga ni vichache, niongeze madume?" Subiri kwanza. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Kuna mama mmoja nilikuwa namhudumia, ana bwawa la sato wazazi. Vifaranga vilipopungua nikamshauri atie madume wanne wapya, wakubwa. Siku ya tatu akanipigia simu: majike wawili wanaelea, magamba yamebanduka. Majike aliowalea mwenyewe tangu vifaranga! Sikuwa na la kusema zaidi ya samahani mama. Nikaenda, nikakaa kimya ukingoni asubuhi nzima nikiangalia.

Iko hivi. Sato dume akitaka kuzaa anachimba kiota kwenye kina kifupi, duara kama beseni, matope anayatoa kwa mdomo. Hicho ndicho kiwanja chake. Jike anakuja, anataga, dume anarutubisha, halafu jike anachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo. Malezi yote ni ya mama. Dume anabaki kulinda kiwanja akisubiri jike mwingine.

Siku za mwanzo majirani wanagombana kweli: wanatanua mapezi, wanashikana midomo, wanasukumana. Wakishapimana nguvu, vurugu zinapungua. Kila mmoja anajua mwenzake anaishia wapi; ukivuka kidogo unatishiwa tu, unarudi kwako. Perege wa Msumbiji, ndugu yake sato, ndiyo kiboko: dume mbabe anatangaza ubabe wake kwa mkojo, anauachia kidogo kidogo wakati wa ugomvi, na mpinzani akiunusa anapoa.

Sasa ukitia dume mgeni, huyo hana kiwanja. Huyu anamfukuza, anaangukia kwa yule, na wale waliokwisha elewana wanaanza upya. Katikati ya fujo hiyo yupo jike mwenye mayai mdomoni. Akikimbizwa hovyo anaweza kuyatema. Kumbe vifaranga tulivyokuwa tunavitafuta tulikuwa tunavipoteza sisi wenyewe.

Tulivuta nyavu, tukatoa madume wote, wakongwe na wageni. Tukachagua wanaolingana ukubwa, tukawarudisha wote siku moja ili asiwepo mwenye kiwanja cha zamani. Dume mmoja kwa majike watatu. (Kama hujui kuwatofautisha, mgeuze samaki tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike matatu.) Waliobaki mama alisema ni mboga, na mimi sikuondoka mikono mitupu.

Waligombana tena siku za mwanzo, hilo lisikutishe. Ila usiwe mtu wa kuvuta nyavu kila mara kuchungulia, maana viota vinabomoka na ugomvi unarudi. Na kama vifaranga bado ni vichache, angalia kwanza umri wa majike na chakula unachowapa. Madume waache walivyo.