Osha Kwanza, Klorini Baadaye

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 haukuchelewa kuingia jimbo jirani la Ituri. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Bunia, mji mkuu wa Ituri, ilijifunza kunawa mikono kwa maji ya klorini. Lakini imani moja yenye hatari bado imebaki: kwamba damu au matapishi yakimwagika kazini, inatosha kuyamwagia maji ya Javel, yaani klorini ya maji, na kupiga deki.

Haitoshi. Klorini inaua vijidudu, lakini damu, matapishi na kinyesi huimaliza nguvu kabla haijavifikia. Kwa hiyo uchafu uondolewe kwanza, ndipo dawa iwekwe. Utaratibu huu unafaa dukani, shuleni, kwa kinyozi na katika kituo cha afya, kwa sababu Ebola si hatari pekee. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, na kipindupindu husambaa kwa kinyesi na matapishi.

Zuia watu wasipite. Vaa glavu za mpira, viatu vilivyofunika miguu na aproni isiyopitisha maji. Kinga macho, pua na mdomo ikiwa majimaji yanaweza kuruka. Kama kuna vipande vya chupa au sindano, usiviguse kwa vidole hata ukiwa na glavu: viokote kwa koleo au vipande viwili vya katoni ngumu, uvitie kwenye chombo kigumu. Funika uchafu kwa vitambaa au karatasi za kunyonya, ukusanye kutoka pembeni kuelekea katikati, utie kwenye mfuko na kuufunga. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Sasa paka klorini ya asilimia 0.5, uiache dakika 10, kisha suuza. Vua glavu bila kugusa upande wake wa nje, unawe mikono kwa sabuni.

Kipimo kina hesabu yake. Javel ya asilimia 5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji. Ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni vijiko 10 vya supu, vilivyosawazishwa, kwa lita 20 za maji. Changanyia penye hewa, katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na utengeneze mpya kila siku, kwa maana jua na muda huipunguzia nguvu. Usiichanganye kamwe na asidi wala dawa nyingine ya kusafishia, na usiimwage juu ya dimbwi la mkojo: hutoa gesi inayochoma mapafu. Usiipulizie pia kwa bomba, kwani hurusha majimaji hewani.

Majimaji yakikurukia machoni, suuza kwa maji safi mengi. Ukichomwa na kitu chenye damu, osha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Na kama aliyetapika ana homa na anatokwa na damu, au amekuwa karibu na mgonjwa wa Ebola, usisafishe. Mtenge, funga chumba, uite timu ya zoni ya afya.

Neno la mwisho ni kwa waajiri. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inawataka kulinda usalama, afya na hadhi ya mfanyakazi. Mfagiaji asiachiwe damu ya watu akiwa na kitambaa na mikono mitupu. Wekeni ndoo, glavu, sabuni na klorini mahali panapojulikana, mfundisheni anayesafisha, mlipieni na chanjo ya homa ya ini B. Fanyeni hivyo leo, kabla damu haijamwagika.