Mizuka ya sinema yatukumbusha unyama wetu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana aliyetaka kujistarehesha usiku mjini Migori hakuwa na mengi ya kuchagua. Ukumbi wa video ndio uliokuwa kimbilio. Kwa shilingi chache aliketi kwenye benchi la mbao, chini ya mabati yaliyohifadhi joto la mchana kutwa, akatazama runinga moja pamoja na umati wa watu waliobanana kama omena guniani. Ni katika ukumbi wa namna hiyo nilikoiona kwa mara ya kwanza Night of the Living Dead, sinema ya wafu wanaofufuka na kuwala walio hai. Ilikuwa ile ya mwaka wa 1990, yenye rangi, iliyoongozwa na Tom Savini. Mimi na wenzangu hatukujua kwamba tulikuwa tukitazama marudio ya sinema nyingine iliyotangulia.

Miaka mingi imepita tangu usiku ule. Hivi majuzi nilikwenda Homa Bay kumjulia hali dada yangu, na mpwa wangu akanionyesha katika tarakilishi yake ile sinema ya kwanza, ya mwaka wa 1968, isiyo na rangi, iliyoongozwa na George Romero. Tuliitazama hadi mwisho, kisha tukabishana hadi jogoo wa kwanza. Ubishi huo ndio ulionisukuma kushika kalamu, kwa maana tulianza na sinema tukaishia kwa mambo yaliyo karibu mno na nyumba zetu.

Kwa manufaa ya msomaji asiyezijua sinema hizi, nitaeleza kisa kwa ufupi. Msichana aitwaye Barbara na kaka yake wanazuru kaburi mashambani, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Mfu anawavamia, kaka anauawa, naye msichana anakimbilia nyumba iliyo peke yake. Humo anakutana na Ben, mwanamume mweusi mwenye busara na ushupavu, na watu wengine kadhaa. Nje, mizuka inaongezeka saa baada ya saa. Ndani, watu wanagombana. Ben ataka waimarishe milango na madirisha kwa mbao, ilhali Harry Cooper, baba mwenye mke na mtoto mgonjwa, ashikilia kwamba wajifungie katika chumba cha chini ya nyumba.

Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Mizuka haikuwa na akili ya kuwashinda watu wale. Ugomvi wao wenyewe ndio uliofungua milango. Nilipoyaona hayo nilikumbuka Thimlich Ohinga, ile ngome ya kale iliyomo katika Kaunti ya Migori, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka wa 2018 kuwa miongoni mwa turathi za dunia. Kuta zake zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na malango yake ni mafupi kiasi kwamba aingiaye hana budi kuinama. Mawe yale yalisimama karne nyingi kwa sababu kila moja lilimshika mwenzake. Nyumba ya Romero ilikuwa na mbao na misumari, lakini waliokuwamo hawakushikana.

Sinema ya kwanza ilitengenezwa kwa fedha kidogo, dola zipatazo 114,000, na watu wa mji wa Pittsburgh ambao hawakuwa na jina. Mwenye kuigiza Ben, Duane Jones, alichaguliwa, kwa maelezo ya Romero mwenyewe, kwa kuwa aliwashinda wenzake katika majaribio. Wala mhusika huyo hakuandikwa awe mweusi. Hata hivyo, mwaka wa 1968 haukuwa mwaka wa kawaida. Romero alisimulia kwamba walikuwa njiani kuipeleka sinema yao New York waliposikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa. Aidha, kwa sababu msambazaji alibadilisha jina la sinema na kuacha kuweka alama ya hakimiliki, kazi hiyo iliangukia mikononi mwa umma, kila mtu akainakili na kuiuza apendavyo. Waliotoa jasho walivuna kidogo kuliko walivyostahili. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya kuiunda upya mwaka wa 1990, Romero akiandika mchezo yeye mwenyewe, na Tony Todd akichukua nafasi ya Ben.

Sasa nije kwenye kiini cha ubishi wetu, nacho ni namna sinema hizi mbili zinavyokwisha.

Katika ile ya kwanza, Ben anabaki peke yake. Kwa kinaya cha ajabu, anaokolewa na chumba kile kile cha chini alichokikataa. Kunapambazuka. Anasikia milio ya bunduki na sauti za watu. Ni kikosi cha raia wenye silaha wanaowasaka wafu pamoja na askari. Ben anapanda ngazi taratibu na kuchungulia dirishani. Mmoja wao anamwona, analenga, na kumpiga risasi ya kichwa. Hawakumwita wala kumwuliza jina. Mwili wake waburutwa kwa kulabu na kutupwa motoni pamoja na mizuka aliyopigana nayo usiku kucha.

Katika ile ya 1990, kosa hilo halipo tena. Ben anafia chumbani kwa majeraha, na asubuhi anapotoka amekwisha kuwa mzuka kweli, hivyo wanaompiga risasi hawana lawama. Barbara naye, ambaye katika sinema ya kwanza alishikwa na bumbuwazi usiku mzima, safari hii anashika bunduki, anatoka nje peke yake na kupona. Arejeapo na wasakaji anamkuta Cooper yu hai, aliyekuwa amejificha darini. Anamtazama, anampiga risasi, kisha anawaambia wale wanaume kwamba huyo pia ni wa kutiwa motoni.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba marudio yameharibu kazi. Yana rangi, yana mizuka ya kutisha zaidi, lakini yameling’oa jino la sinema. Yale yaliyonitia baridi katika ile ya kwanza hayakuwa meno ya wafu bali kidole cha mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyeua bila kuhakikisha.

Nina sababu yangu ya kusema hivyo. Katika likizo moja ya miaka ile ile ya ukumbi wa video, nililala kwa jamaa kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Kabla ya alfajiri nduru zililia. Palikuwa na jajuok, walisema, mkimbiaji wa usiku, yule ambaye Wajaluo huamini huzunguka uchi akitikisa milango na kurusha changarawe juu ya mabati. Vijana walitoka na marungu, nami nikatoka nao. Tulimwona mtu akipita polepole nyuma ya michongoma. Tukamwita, hakuitika. Tukamwita tena, akazidi kwenda. Kimya chake tukakifanya ushahidi. Walio mbele walikwisha kuanza kupiga pale mama mmoja, mchuuzi wa omena, alipopenya katikati yetu na kuinua kandili hadi usoni pa mtu yule. “Mwampiga baba yenu!” akapaza sauti. “Hamjui kwamba hasikii?”

Alikuwa mzee wa kijiji kile, kiziwi, akielekea ufuoni kungoja mashua. Omena huvuliwa katika usiku usio na mwezi kwa taa, na mwenye kutaka samaki wa kwanza hana budi kutembea gizani. Alivunjika mkono. Mimi sikuwa nimerusha jiwe, lakini nilikuwa nalo mkononi, na sijui kama ningelirusha au la lau kandili ile ingechelewa kidogo. Ndiyo sababu nilipomwona Ben akianguka, sikuweza kujihesabu miongoni mwa waliomo nyumbani. Nilijiona miongoni mwa wenye bunduki.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Mjomba, hayo ni kweli. Lakini wewe unaitazama risasi moja tu. Itazame na ya pili. Barbara hakukosea. Alimjua Cooper ni mtu hai, akamwua kwa hasira yake, na alijua hakuna atakayeuliza, kwa kuwa siku hiyo kila maiti ni mzuka.”

Nakiri kwamba maneno hayo yalininyamazisha. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeihesabu risasi ile kuwa haki, kwani Cooper alikuwa mtu mchoyo, na ukumbi mzima kule Migori tulishangilia alipoanguka. Kumbe tulishangilia uuaji uliojificha ndani ya hofu ya umma.

Hebu na tuyalete mambo haya nyumbani. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii linalopakana na kaunti zetu, umati uliwachoma watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, kwa tuhuma za uchawi. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi haya ili kuwanyoshea jirani kidole. Nimekwisha kukiri lililokuwa mkononi mwangu. Swali ni hili: kati ya waliokuwamo katika umati wa namna hiyo, ni wangapi waliodanganyika kwa hofu, na ni wangapi waliojua wazi kwamba mbele yao yu ajuza wa kawaida, mwenye shamba linalotamaniwa? Mara nyingi nyuma ya tuhuma za uchawi husimama ugomvi wa mpaka, urithi au wivu. Mmoja huanzisha kilio akijua alitakalo, na mia huitikia wasijue walitendalo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sinema hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yaonyesha umati unaoua kwa kukosea, na ya pili yaonyesha mtu mmoja anayeua kwa makusudi akijifunika umati. Kwa kosa la kwanza dawa ni kandili: mwangaze mtu usoni, mwite kwa jina, ngoja jibu. Kwa kosa la pili kandili haitoshi, maana mwuaji amekwisha kuuona uso. Hapo hutakiwa polisi, mahakama, na jirani mwenye ujasiri wa kuuliza ni nani atakayelima shamba la marehemu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inamlinda kila mtu katika haki ya kuishi, na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Haki hizo hazikuwekewa sharti la kwamba ziishe jua litakapotua.

Watu wengine husema hofu ya mizuka ni ya asili yetu, haiwezi kutoka. Mimi siwaambii watu waache kuogopa. Wakaao kando ya ziwa wanazijua nyawawa, pepo wanaosemekana kupita usiku kwa kelele wakitokea majini. Desturi inasema kila nyumba ipige mabati, sufuria na madebe hadi zipite. Nimezisikia kelele hizo zikitoka boma moja hadi jingine kama mvua inayosogea. Mtu aweza kucheka, lakini na aangalie jambo moja: katika desturi ile kijiji kizima huogopa pamoja, hupiga kelele pamoja, na asubuhi hakuna maiti. Babu zetu walijua namna ya kuifukuza hofu bila kumtafutia sura ya jirani.

Msomaji akipata nafasi, na azitazame sinema zote mbili, aanze na ile ya 1968. Asishughulike sana na mizuka, kwani hiyo ni unga na rangi tu. Amtazame yule mwenye bunduki asubuhi, kisha amtazame Barbara. Na usiku nduru zitakapolia kijijini kwake, kabla hajainama kuokota jiwe, na aingie kwanza ndani kuchukua taa.